Askofu Steere na Krismasi ya Mkunazini



Kamati ilitupa kurasa hizi ili tusimulie maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyetutangulia. Wengine walitarajia mtunzi wa nyimbo. Wengine waliwataja wamisionari walioleta Injili Turkana, ambao wazee wetu bado wanawakumbuka mmoja mmoja. Sisi tumemchagua mtu ambaye hakuwahi kufika huku: Edward Steere, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UMCA. Alifariki Zanzibar mwezi wa Agosti mwaka 1882. Tumemchagua kwa sababu ya Kiswahili tunachoimbia, na kwa sababu ya sikukuu moja ya Krismasi.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Baba yake alikuwa wakili, naye kijana akafuata njia hiyo hiyo, akasoma sheria mpaka akawa wakili kamili. Angeweza kuishi vizuri kwa kazi hiyo, lakini aliiacha akaingia katika huduma ya kanisa, akapewa ushemasi mwaka 1856. Muda mfupi baadaye alipelekwa Skegness, kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Wavuvi wale hawakuwa watu wa kusifu wachungaji ovyo, lakini huyu walimpenda. Walisema ni mtu wa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi, na akisimama kuhubiri anahubiri Biblia, si mambo yake mwenyewe. Kwetu Lopur, sifa kama hiyo ikitoka kwa watu wenyewe ni kubwa kuliko barua yoyote ya askofu.

Alikuwa na mapendeleo yake, na tungependa yajulikane, maana maisha ya watumishi wa Mungu mara nyingi huandikwa kana kwamba hawakupenda kitu chochote. Alipenda kazi za mikono, na zaidi ya zote kazi ya kuchapa: kupanga herufi moja moja za risasi, kupaka wino, kukandamiza karatasi. Alipenda neno likae mahali pake. Alipenda hadithi. Hakupenda mapambo ya maneno wala mtu kujionyesha. Baadaye tutaona mapendeleo hayo yalimsaidia wapi, na wapi alilazimika kuyaweka kando.

Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer, aliyekuwa mchungaji jirani, alifanywa askofu wa misheni hiyo. David Livingstone alikuwa amewaita Waingereza waje Afrika ya Kati katika hotuba yake ya Cambridge mwaka 1857, na kundi la kwanza lilikuwa limekuja na kupatwa na maafa. Askofu wao, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862. Tozer alihitaji mwenzake wa kumsindikiza, na Steere akakubali. Alikusudia kwenda kwa muda mfupi tu kisha arudi kwenye parokia yake. Mkewe, ambaye hakuwa na afya njema, alibaki Uingereza. Ule muda mfupi ukawa karibu umri wote uliobaki. Tunalitaja jambo hili kwa sababu miongoni mwetu wamo wengi wanaojua Krismasi ya mbali na mwenzi au watoto, nasi hatudhani ilikuwa nyepesi kwake.

Walifika Zanzibar mwaka 1864, baada ya kuona kwamba kwenye mto Shire hawawezi kukaa. Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao ya kwanza na kanisa lao la kwanza: watoto watano waliotekwa bara, waliouzwa, ambao hawakujua kama wamepona au wamebadilisha bwana tu. Mmoja wao aliitwa John Swedi baada ya kubatizwa. Mwaka 1879 Steere alimpa ushemasi, akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufika daraja hilo.

Sasa swali lilikuwa, waongee nao kwa lugha gani. Kiingereza kilikuwa karibu, na ndicho Steere alichokijua. Lakini alikaa chini kujifunza Kiswahili, naye hakujifunza kwa kusikia amri sokoni. Alikaa na watu. Aliwaomba wamsimulie hadithi, akaandika kama walivyosimulia. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi hizo, ambamo kima anamponyoka papa kwa kumwambia moyo wake ameuacha mtini, na ambamo yumo punda wa dobi na mwalimu Goso. Wengi wetu tulizisikia hadithi hizi darasani bila kujua ni nani aliyeziweka kwenye karatasi. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar, ambacho kilitumiwa na wageni kwa miaka mingi.

Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo unaonekana upole wake kwa watu. Katika waliomsaidia alikuwemo Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Kiislamu wa Zanzibar, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kizuri kabisa. Hebu fikirini: sheikh anamsaidia kasisi kufasiri Zaburi, tena kwa hiari yake. Kazi haikwenda mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, cha wasomi, ambacho watoto waliotoka bara wasingekielewa. Steere alitaka Kiswahili cha watu wa kawaida. Kwa hiyo waliachana katika jambo la mapendeleo: mmoja alipenda lugha ya heshima, mwingine lugha ya kueleweka. Lakini Steere hakumbeza wala hakumficha. Alimtaja kwa shukrani ndani ya kitabu chake, pamoja na Wazanzibari wengine waliomsaidia, ili kila asomaye ajue kwamba maarifa yale hayakuwa yake peke yake.

Kila mwaka ikifika Novemba, sisi wanakwaya tunajua mjadala unaokuja. Wazee wanataka nyimbo za Krismasi kwa Kiturkana, ili nyanya zetu nao waimbe. Vijana wanataka kinanda. Ndugu zetu kutoka Kongo wana Kiswahili chao na mitindo yao, na wakiingia kwenye pambio hakuna anayebaki ameketi. Waliotoka Sudan Kusini wanataka ngoma zao, na wanaona kinanda kinaharibu. Kuna suala la sare, tusilifungue leo. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo eneo letu hili kando ya laga ya Tarach limekuwa na lugha ambazo babu zetu hawakuwahi kuzisikia. Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kusimama mstari mmoja. Si lugha ya mama kwa wengi wetu, na pengine ndiyo maana hakuna anayeweza kumdai mwenzake kwamba ameingia nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wa Steere. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, na waliokutana utumwani hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili kiliwakusanya. Yeye aliwafasiria nyimbo za kanisa ili waimbe, akafasiri Kitabu cha Sala, na kabla ya kufa alikuwa amekamilisha Agano Jipya na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Wale vijana waliokombolewa ndio waliopanga herufi na kuchapa, katika mtambo wa misheni ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kuutumia. Mapendeleo yake ya ujanani yalipata kazi. Baadaye sana, mwaka 1928, wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kuandikia vitabu vya shule, walichukua Kiunguja, kile ambacho Steere alikuwa amekifanyia kazi. Watu wa Mombasa wana maneno yao juu ya uamuzi huo hadi leo, kwa kuwa Krapf alifanya kazi na Kimvita kabla yake, nasi hatuingii kati.

Tena hakutaka watoto wale wafanywe Waingereza weusi. Walivaa kanzu kama vijana wengine wa Zanzibar. Walikula chakula cha Zanzibar. Steere aliona kwamba mtu akimpokea Kristo si lazima abadilishe nguo, sahani na jina la ukoo kwa siku moja. Kwa wakati wake, huo haukuwa msimamo wa wamisionari wote, na hata katika Turkana yetu wapo wazee wanaokumbuka kuambiwa waache shanga kabla ya kuambiwa lolote kuhusu Yesu.

Sasa tuje kwenye Krismasi yenyewe.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa mahali paitwapo Mkunazini. Jina linatokana na mkunazi, mti ambao Waturkana wanauita ekalale, uleule ambao watoto wetu huokota matunda yake kando ya laga. Watu waliletwa huko kutoka bara, wengine wakiwa wametembea miezi, wakapangwa mistari, wakatazamwa meno na mikono, wakauzwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Seyyid Barghash, akisukumwa na serikali ya Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko likafungwa. Tozer alikuwa amedhoofika kwa ugonjwa na kuondoka. Steere, aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza, ndiye aliyekuwa akiongoza.

Uwanja ule ungeweza kuwa chochote. Ungeweza kuwa ghala, au nyumba ya tajiri, au ungeachwa tu watu wausahau. Misheni ikanunua sehemu yake, na sehemu nyingine ikatolewa zawadi na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu wa Zanzibar. Jina hilo tunaomba mlikumbuke. Mhindu alitoa ardhi, na baadaye Sultani mwenyewe, Mwislamu, akatoa saa ya mnara. Tunapohesabu waliojenga kanisa lile hatuwezi kuwahesabu Wakristo peke yao.

Kwanza palijengwa kibanda cha udongo, na Steere akawa anahubiri humo kwa Kiswahili. Halafu ikaja siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa kubwa. Siku iliyochaguliwa ni tarehe 25 Desemba 1873, Krismasi, miezi sita na nusu tu baada ya soko kufungwa.

Tunaomba msomaji asimame hapo. Katika uwanja ule walikuwepo watu waliouzwa kwenye uwanja uleule. Hawakuhitaji kuelezwa mahali walipo. Na sikukuu waliyoletewa ni ile ya Mungu aliyezaliwa pasipo nafasi katika nyumba ya wageni, akalazwa walipolishiwa mifugo, na habari zake zikawafikia kwanza wachungaji waliokesha nje na wanyama usiku. Sisi watu wa mifugo tunajua maana ya kulala nje na mbuzi, na tunajua anayelala hivyo si mtu wa kwanza kupelekewa habari na wakubwa. Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba Kristo alijishusha mpaka hali ya mtumwa. Katika makanisa mengi maneno hayo husomwa kama mfano tu. Pale Mkunazini, mwaka 1873, walikuwepo wa kuyasikia bila mfano.

Ndiyo maana tunasema Steere aliielewa Krismasi. Mtoto yule hakukaa mbali akatuma maagizo. Alikuja, akajifunza kuongea kwa lugha ya mama yake, akala chakula cha kijijini, akakubali kupokelewa na watu ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Askofu aliyeacha kazi ya sheria ya kwao akakaa miaka akiuliza watoto neno hili mnalisemaje, alikuwa akiifuata njia hiyohiyo kwa hatua ndogo za kibinadamu. Na alipopata nafasi ya kuchagua mahali pa kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana, alichagua mahali pabaya kuliko pote mjini.

Ujenzi ulikuwa mgumu. Steere mwenyewe alikuwa msimamizi, na wakati mwingine fundi. Jengo lina madirisha na matao ya kanisa la Uingereza, lakini lina pia sura ya majengo ya Kiarabu ya pale mjini, kwa hiyo mgeni akilitazama hajui aliite la nani. Paa ndilo lililosemwa sana. Hakutaka mbao, ambazo mchwa wangezila. Alitaka paa la upinde la saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Watu walitabiri litaanguka. Halikuanguka.

Kuna masimulizi ambayo kila mwongoza wageni wa Zanzibar huyatoa. Inasemekana Steere alisafiri, na mafundi wakabaki wakisimamisha nguzo fupi karibu na mlango wa magharibi. Hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kichwa chini, miguu juu. Aliporudi alizikuta hivyo. Angeweza kuamuru zibomolewe, maana tayari tumeona alikuwa mtu wa kupenda kila kitu mahali pake. Aliziacha. Ziko hivyo hadi leo. Walimu wa kwaya mnaosoma haya, ambao sauti ya tatu ikikosea nusu noti hamlali, mtaelewa alichokishinda siku ile.

Mambo mengine tutayapita haraka. Alifanywa askofu London mwaka 1874, katika Westminster Abbey. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, kuelekea ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la waliokombolewa, ambao wengi wao walitoka pande zile, kuwarudisha bara. Walipofika Masasi walipapenda, wakaomba wabaki, naye akakubali ingawa mpango wake ulikuwa waendelee mbele. Masasi ikawa kitovu cha kanisa katika kusini ya Tanzania. Mtu anayejua habari za wakimbizi anajua jambo hili lina uzito gani: kuulizwa unataka kukaa wapi, kisha jibu lako likafuatwa.

Hakuwa mtu mkamilifu, na hatukusudii kumweka juu ya dari. Alikuja wakati ambapo nchi yake ilikuwa inajiandaa kutawala pwani ile, na mambo hayo mawili hayatenganishwi kirahisi. Tena wapo watu wengi waliofanya kazi pamoja naye ambao vitabu havikuwataja: waliobeba mawe, waliopika chokaa, waliomsahihisha alipokosea ngeli. Kila tukiimba kwa Kiswahili tunaimba kwa midomo yao pia.

Steere alizikwa ndani ya kanisa lile, nyuma ya altare. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo ya wenyeji, palikuwa na nguzo ya kuchapia watumwa viboko. Karibu na mimbari upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Wageni huingia kila siku, na Jumapili ibada inaendelea kwa Kiswahili.

Mtakapofika sehemu ya pili ya programu ya leo, mtaona nyimbo nne za Krismasi, ingawa hatuko Desemba. Ya kwanza ni ya Kiturkana, na wazee wameombwa wasimame mbele na kuongoza edonga. Ya pili ina ngoma na haina kinanda. Ya tatu ina kinanda. Ya nne ni ya Kiswahili, na wageni wote mnakaribishwa kuimba nasi.